Orijino, mtumba au kopi? Spea za ndani ya gari kwa jua na chumvi ya Unguja na Pemba

Ingia duka la spea na kitasa cha ndani cha mlango kilichokatika, mwenye duka atakuwekea vitatu juu ya kaunta. Kimoja kimo ndani ya nailoni yenye lebo na namba, na bei yake inakufanya ukirudishe pole pole. Cha pili kina mikwaruzo na vumbi, kimetoka kwenye gari la kukata, yaani la kuuzwa vipande, lililoletwa na kontena kutoka Japani. Cha tatu kinang'aa kuwashinda wenzake, hakina jina, na bei yake haina hata haja ya kuombewa punguzo. Hapo mteja huuliza, "Orijino au kopi, ipi bora?" Swali hilo halina jibu moja kwa gari zima. Kitasa kina jibu lake, swichi ya vioo ina lake, siti zina lake. Na redio, ile orijino ndiyo isiyofaa kabisa kwa hapa kwetu.

Msimamo wangu nauweka mbele: plastiki ngumu nunua mtumba, vitu vya kuokoa roho nunua orijino mpya, na vitu vinavyoliwa na jua, mchanga na maji ya bahari nunua kopi nzuri, maana aliyevichora Japani hakuwa akifikiria pwani ya Paje. Sababu zake hizi hapa, pamoja na mahali ambapo kanuni hiyo haishiki.

Namba kwanza, jina baadaye

Gari zetu nyingi zimeteremka bandari ya Malindi, Unguja, zikiwa zimetumika Japani, kwa hiyo hazina ile namba ya herufi na tarakimu 17 inayodaiwa na tovuti za Marekani na Ulaya. Zina namba ya fremu: kodi (msimbo) ya gari, kistari, halafu tarakimu saba. Kwa Toyota, Noah ya 2001 hadi 2007 huanza na AZR60 au AZR65, Alphard ya kwanza ANH10 au ANH15, IST ya kwanza NCP60 au NCP61, ya pili NCP110 au NCP115. Kibati chake tafuta kwenye ukuta unaotenganisha injini na kabini, au kwenye nguzo ya mlango. Kibati hicho hicho kina pia kodi ya rangi ya nje na ya ndani. Ya ndani huwa ni herufi mbili na tarakimu mbili, mfano FB13. Ipige picha uiweke kwenye simu, utaihitaji kuliko unavyodhani.

Spea ya Toyota ina namba ya tarakimu tano, kistari, tano nyingine. Tano za mwanzo zinasema kitu gani: 84820 ni swichi kuu ya vioo, 69205 kitasa cha ndani cha kulia, 69206 cha kushoto, 84306 utepe wa sukani, 87139 filta ya kabini. Zinazofuata ni za gari na toleo. Kwa kitu chenye rangi zinaongezwa mbili mwishoni, kama B0 au E0, na hizo ndizo rangi. Kitasa cha kijivu na cha rangi ya maziwa vinaweza kuwa na namba moja mpaka mwisho, kisha vikaachana kwenye hizo mbili za mkiani. Muuzaji akikusomea namba bila ya mkia, hajakwambia rangi.

Kwa aliyeko Chake au Wete anayeagiza Unguja au Dar, hili ni la lazima. Ukiandika "nitumie kitasa cha IST", utapokea Mkoani kitasa cha IST ya 2003 wakati yako ni ya 2008, na boti ya kukirudisha ni nauli juu ya nauli. Tuma picha tatu: kibati, uso wa spea ya zamani, na mgongo wake. Mgongo ndio unaosema kweli, maana huko ndiko kuna namba, tundu za skrubu na umbo la soketi.

Na ukiwa huko mgongoni, soma jina. Toyota hawatengenezi wenyewe kila kilichomo ndani ya gari. Swichi na mikanda mingi hutoka kwa Tokai Rika, siti, zulia na filta kwa Toyota Boshoku, sukani na eabegi kwa Toyoda Gosei, vitu vya AC kwa Denso. Swichi yenye jina la mtengenezaji huyo huyo, ikiwa kwenye boksi lake yeye badala ya boksi la Toyota, kwangu ni orijino bila ya ushuru wa jina. Boksi lenyewe lisikupumbaze. Karatasi huchapishwa popote.

Tahadhari moja ya spea za Dubai. Huko gari zina sukani kushoto, zetu kulia. Filta, taa ya ndani na kioo cha katikati havijali. Dashibodi, swichi kuu ya vioo na ubao wa mlango wa dereva vinajali sana, na havigeuzwi.

Plastiki ngumu: mtumba

Vitasa, vifuniko vya matundu ya AC, komeo la droo ya dashibodi, ubao wa mlango, kifuniko cha nguzo. Hivi mtumba wa gari la kodi hiyo hiyo unashinda kopi kwa mambo ambayo hayaonekani dukani: unene, mchoro wa uso, na tundu zinazokaa mahali pake. Kitasa cha kopi mara nyingi kina umbo sahihi na moyo dhaifu. Kile kipini kinachobebea mkono ni chembamba, na kikombe cha kukalia ncha ya kebo kimelegea. Kinafungua mlango wiki mbili tatu, halafu kebo inachomoka, na abiria anabaki kufunguliwa kutoka nje kama mzigo.

Pima hapo hapo dukani. Vuta mkono mpaka mwisho uachie: urudi wenyewe, kwa nguvu moja, bila ya kukwama. Ushike kwenye ncha uusukume juu na chini: ukicheza, kipini kimekwisha au hakikuwahi kuwa sawa. Mgongoni tafuta alama ya plastiki kati ya vishale, kama >ABS<, >PC+ABS< au >PP<. Ukikuta ABS kwenye orijino yako na PP kwenye kopi, unauziwa kitu laini zaidi kilichopakwa mng'ao. Huo mng'ao wa kroomu wa bei rahisi hewa ya bahari inaubandua kama ganda la vitunguu, na kingo zake hukata vidole.

Mtumba nao una ugonjwa wake, jua. Kisiwa chetu kipo kama nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Mwezi wa Machi na tena Oktoba jua la saa sita mchana linasimama utosini, na gari lililoegeshwa wazi dashibodi yake haikanyagiki kwa kiganja. Plastiki iliyokwisha kuchomwa hivyo haionyeshi mpaka uikunje kidogo: ikitoa mistari myeupe, iache. Ndiyo maana mtumba uliotoka Japani moja kwa moja ni bora kuliko uliotolewa kwenye gari lililokwisha kula miaka kumi hapa.

Ubao wa mlango na ile nailoni

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu uharibifu mwingi wa ndani ya gari unaanzia kwa fundi anayefungua mlango kwa haraka.

Skrubu huwa chache na zimefichwa: moja nyuma ya kitasa cha kufungulia, moja au mbili ndani ya mpini wa kuvutia mlango chini ya kifuniko kidogo, wakati mwingine moja pembeni. Toa kwanza kile kipande cha pembetatu cha kwenye kioo cha pembeni. Kisha ingiza kibanzi cha plastiki chini ya ubao, karibu na klipu yenyewe, ukiibue moja moja. Mlango mmoja huwa na klipu nane hadi kumi na mbili. Zote zikitoka, ubao haujatoka bado. Juu umening'inia kwenye ukingo wa kioo, kwa hiyo unanyanyuliwa kwenda juu. Anayevuta kuja kwake anavunja ule mdomo, na tangu siku hiyo mlango unapiga makelele barabara yote ya Nungwi. Ukiachia ubao, chomoa soketi ya swichi kwa kubonyeza ulimi wake, usivute waya, kisha toa kebo za kitasa.

Klipu ndizo kopi pekee za plastiki ninazozikubali bila ya maneno, kwa sharti upime mguu na kichwa kwa ile ya zamani. Ya nailoni inapinda na kurudi. Ikunje kwa vidole: ikikatika kama biskuti, pakiti nzima ni takataka. Nunua ishirini hata kama unahitaji sita. Ubao unaoshikwa na klipu nne kati ya kumi ndio unaozaa ufa kwenye tundu za skrubu, kisha unalaumiwa ubao.

Nyuma ya ubao kuna nailoni iliyogandishwa kwa gundi nyeusi inayonata. Fundi mvivu huichana na kuitupa, akidhani ni ya vumbi. Kazi yake ni maji. Mvua inapita kwenye raba ya kioo, inateremka ndani ya mlango na kutokea kwenye matundu ya chini, hivyo ndivyo mlango ulivyochorwa. Nailoni inayazuia yasiingie upande wako. Ikiondolewa, masika ya kwanza tu spika inavimba, ubao ukiwa na mgongo wa mbao za unga unafumka, na zulia la mbele linanuka uvundo usioisha kwa marashi. Kama imechanika, kata nailoni nzito, ibandike kwa tepu ya butaili (ile nyeusi inayonata) mzunguko mzima, na ukingo wa chini uingie ndani ya tundu la mlango ili maji yaanguke ndani ya mlango na siyo upande wako. Silikoni ya madirisha usiitumie: siku utakapofungua tena itang'oka na rangi.

Swichi ya vioo: fungua kabla ya kununua

Swichi kuu ya dereva ni kati ya vitu vya ndani vinavyouzwa kwa wingi, na nyingi zinazotupwa hazijafa. Kioo kiko wazi, mvua ya vuli inapiga, mkono umetoka kwenye soda, na hewa ina chumvi. Ndani kuna vibati vidogo vinavyogusana, vinapata ukungu mweusi au wa kijani, umeme unapita kwa shida. Dalili yake ni kioo kinachoshuka vizuri na kupanda kwa kubembelezwa, au kinachofanya kazi ukibonyeza kwa nguvu pembeni.

Toa swichi mlangoni, ondoa skrubu za chini, ibua ndimi za pembeni mpaka mwili uachane mara mbili. Fanya juu ya taulo jeupe, kwa sababu kuna vipini vidogo na springi vitakavyotaka kukimbia. Kila kibati kisugue kwa pamba ya masikio iliyochovywa kwenye spiriti, ile safi isiyo na rangi. Petroli inakula plastiki. Msasa nao unaondoa ule mpako mwembamba wa juu, na baada ya hapo kutu inarudi kwa kasi zaidi. Grisi nyeupe iliyopo kwenye sehemu za kuteleza iache. Kausha, rudisha, jaribu kabla ya kufunga skrubu.

Ikiwa vibati vimeungua au plastiki imeyeyuka, nunua. Hapa mtumba wenye namba ileile ni wa kwanza. Kopi ni ya pili, na ukichukua kopi hesabu pini za soketi moja moja, uangalie pia ipi imeachwa tupu. Kopi nyingi soketi inaingia vizuri kabisa lakini kazi ya kupandisha kioo kwa mguso mmoja haimo, taa ya usiku haimo, au kufuli ya milango inafanya kinyume. Nyingine zimenakiliwa kutoka gari za sukani kushoto, kwa hiyo unabonyeza cha kulia kinashuka cha kushoto.

Baada ya kuchomoa betri, kwenye baadhi ya modeli taa ya AUTO hupepesa na mguso mmoja unakataa. Swichi ni nzima. Shusha kioo mpaka nusu, kipandishe kifunge kabisa, uendelee kushikilia sekunde moja au mbili. Kopi nyingi zimerudishwa dukani kwa ugomvi kwa sababu ya hili tu.

Vya kuokoa roho: hapa hakuna kopi

Eabegi, mikanda, na ule utepe wa sukani. Utepe huu umo kwenye duara nyuma ya sukani, umekunjwa kama springi ya saa, unapeleka umeme kwenye eabegi na honi huku sukani ikizunguka. Ukikatika, honi inanyamaza na taa ya eabegi inawaka, kwa kawaida vyote kwa pamoja. Taa ya eabegi ikiwaka mfululizo, hesabu kwamba siku ya ajali mfuko hautafunguka.

Kabla ya kugusa, toa waya hasi wa betri usubiri sekunde 90 kamili, ili umeme uliobaki ndani ya mfumo uishe. Eabegi ikitoka ilaze uso ukitazama juu. Utepe mpya huja ukiwa umepangwa katikati kwa kibanio. Usiuzungushe kwa kuuchezea. Ikiwa umeshazunguka, urudishe kinyume cha saa kwa upole mpaka ugome, kisha mbele karibu mizunguko miwili na nusu mpaka alama zikutane, magurudumu yakiwa yamenyooka. Idadi hutofautiana kwa modeli, kwa hiyo fuata karatasi iliyokuja nao. Ukifungwa nje ya kati unakatika mara ya kwanza utakapopiga kona ya mwisho kuegesha. Kopi za kitu hiki utepe wake ni mwembamba, na nyingi zinakufa kabla hata raba za miguuni hazijachakaa.

Mtumba nao hapa siukubali, na eabegi ina sababu ya pekee. Mamilioni ya eabegi zilizotengenezwa na Takata zilitumia amonia naitreti kulipua mfuko. Dawa hiyo ikikaa miaka kwenye joto na unyevu inaharibika, na siku ikilipuka inaweza kupasua chombo chake na kurusha vipande vya chuma usoni. Urejeshwaji wake umehusu takriban eabegi milioni 100 duniani, za kampuni nyingi za magari, na Takata wenyewe walifilisika 2017. Joto na unyevu ndiyo hewa yetu ya mwaka mzima. Eabegi ya gari la kukata la 2005, hata iwe orijino namna gani, ni kitu kisichofaa kuwekwa mbele ya kifua cha mtu. Gari lako pia likague: Toyota ya Japani ina ukurasa wa kuingiza namba ya fremu, tafsiri ya simu inatosha kuusoma.

Mkanda wenye kivutio cha baruti (kinachoukaza siku ya ajali) unafanya kazi mara moja maishani. Wa mtumba huwezi kujua kama ulikwisha kufanya. Na mkanda uliochanika haushonwi, hata kwa fundi viatu mwenye mkono mzuri: uzi wake hauna nguvu ya ule ufumaji, utaachia pale pale ulipohitajika.

Siti: hapa kopi inaongoza

Kitambaa cha Japani ni kizuri kwa mtu anayetoka ofisini. Kwa gari la wageni kinachoka haraka. Mgeni anatoka majini Kendwa, nguo mbichi, mwili umepakwa mafuta ya jua. Chumvi ikishaingia kwenye sponji haikauki kwa kweli, inavuta unyevu wa hewa kila usiku. Reli za siti zinashika kutu, na zile soketi chini ya siti zinapata ukijani. Ya rangi ya njano ni ya eabegi au mkanda: usiichomoe kabla ya kutoa waya hasi wa betri na kusubiri zile sekunde 90, usiipigie maji.

Kava za reksini zilizoshonwa na fundi wa hapa zinashinda za kitambaa, na zinashinda pia kava za jumla zenye lastiki, ambazo zinateleza na kujikusanya mgongoni. Siti nane za Noah hula mita 10 hadi 12 za reksini ya upana wa inchi 54. Gari dogo la siti tano mita sita au saba. Chagua yenye mgongo wa kufuma unaovutika kidogo. Ile yenye mgongo kama shashi inapasuka kwenye pembe za mshono. Rangi nyeusi inavutia dukani na inaunguza mapaja saa nane mchana. Kijivu cha wastani au kahawia ya mchanga ina akili zaidi. Uzi uwe wa poliesta. Wa pamba unaoza kwa jasho na chumvi, na kava inafumuka ikiwa reksini bado nzima.

Mwambie fundi mambo mawili kabla hajakata. La kwanza, angalia ubavu wa siti za mbele. Ukiona kitambulisho cha SRS AIRBAG, kuna mfuko ubavuni, na kava lake liachwe wazi upande ule, kutoka juu ya kiuno mpaka karibu na bega. Kushona kwa uzi dhaifu "utachanika wenyewe" ni kubahatisha; kiwanda kina mshono wake maalumu na kimeujaribu. La pili, kava liwe la kuvuliwa kwa zipu au ndoana, siyo la kugandishwa. Utataka kulitoa kila mwezi ukaushe sponji juani. Likigandishwa, maji yanayopita kwenye mishono yanabaki chini ya reksini kama yaliyofunikwa kwenye chungu.

Sponji iliyolala upande wa dereva usiongezee sponji laini juu. Atakaa vizuri siku tatu. Toa, kata sehemu iliyokufa, weka sponji ngumu ya kiwango kile kile chini, laini ya sentimita moja juu yake.

Miguuni

Zulia la kiwandani liache. Mtindo wa kulifunika kwa plastiki ya kubandika kutoka mlango hadi mlango unafurahisha siku ya kuoshea, lakini maji yakishapenya pembeni hayatoki, na sakafu inaoza kimya kimya. Juu ya zulia tupa raba za kopi zenye ukingo wa sentimita mbili au tatu, zikung'utwe mchanga na kuoshwa kila jioni.

Upande wa dereva una sheria zake. Raba moja tu, usipandanishe mbili. Ishikwe na ndoana za sakafuni. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedali ya mafuta mpaka mwisho uone kama ukingo wa raba unaigusa. Ukikaribia, kata raba. Agosti 2009 huko San Diego, Marekani, watu wanne walikufa ndani ya Lexus ES 350 iliyokataa kupunguza mwendo, pedali ikiwa imenaswa na raba. Raba ile ilikuwa orijino ya Lexus, ila ya modeli nyingine, RX, na haikufungwa. Mwaka huo huo Toyota waliita magari kama milioni 3.8 nchini Marekani yarekebishwe kwa sababu ya raba za miguuni. Lebo nzuri haikumsaidia mtu.

Redio

Redio iliyokuja na gari la miaka ya 2000 inashika FM ya Japani, 76 hadi 90 MHz. Vituo vyetu viko 88 hadi 108, kwa hiyo unasikia viwili vitatu na menyu ya Kijapani. Kibadilisha masafa cha kuunga kwenye antena kinaongeza vituo na kelele. Itoe, weka kopi.

Uso wa redio pana ya Toyota ni milimita 200, redio za kawaida ni kama 178, hivyo omba fremu ya kujazia milimita 11 kila upande, la sivyo utabaki na nyufa mbili za kuingizia vumbi. Nunua na waya wa kati wenye soketi za Toyota za pini 10 na 6, usikubali soketi ya gari ikatwe. Kwenye gari bluu yenye mstari wa njano ni umeme wa kudumu, kijivu ni wa ufunguo, kahawia ni wa bodi. Kwenye redio huwa njano, nyekundu na nyeusi kwa mpangilio huo. Pima kwa taa ya majaribio kabla ya kuunga. Njano na nyekundu zikibadilishana, redio inasahau vituo kila ukizima. Waya zilizosokotwa na kufungwa tepu hapa hazidumu: chumvi inaingia chini ya tepu, na baada ya miezi spika moja inaanza kukatika. Chomelea kwa risasi, vika mpira wa kusinyaa kwa moto.

Vidogo vilivyobaki

Filta ya kabini, 87139, ipo nyuma ya droo ya dashibodi. Kopi inatosha, mradi vipimo vilingane na mshale wa upepo uelekee ulivyoandikwa. Gari zingine zinafika hapa nafasi hiyo ikiwa tupu, na AC imeshajaa majani.

Kitambaa cha dari kikilegea, tatizo ni sponji ya mgongo wake iliyogeuka unga kwa joto. Hakuna haja ya kununua dari. Teremsha ubao wake mzima, ukwangue unga wote kwa brashi mpaka uso uwe safi, ubandike kitambaa kipya chenye sponji ya milimita tatu kwa gundi ya kuhimili joto, ukianzia katikati kwenda pembeni. Gundi ya viatu inashika siku hiyo hiyo na inaachia Ijumaa ya kwanza utakayoegesha juani.